Fremu, gundi au kliki: sakafu ya mbao ipi uiweke mwenyewe

Muuzaji wa sakafu za mbao huanza na rangi. Ana ya mninga, ana ya mtiki, ana ile ya kijivujivu ya hotelini, na mteja hunasa hapo hapo. Kwa mtu anayekusudia kuweka sakafu kwa mikono yake, rangi ni jambo la mwisho. Yapo maswali mawili ya kuanza nayo: jamvi lako, yaani sakafu ya zege iliyo chini, lina unyevu kiasi gani, na ukifika mstari wa kumi na mbili ukagundua kwamba wa kwanza ulikwenda upande, utaweza kufumua bila kuharibu mbao?

Nalinganisha hapa njia tatu, kwa nyumba tulizozizoea: ukuta wa tofali, jamvi la zege lililomwagwa juu ya ardhi, sebule ya mita 4 kwa 5. Naitaja nyumba mapema kwa sababu video nyingi za mtandaoni zinatoka Marekani na Kanada, ambako mara nyingi chini ya sakafu kuna plaiwudi juu ya boriti, na mtu anapigilia misumari moja kwa moja kwa mashine. Zege letu halikubali hivyo.

Njia ya kwanza naiita ya fremu. Unalaza mbao za 2×2 (inchi mbili kwa mbili) juu ya jamvi, kila moja ikiwa sentimita 30 hadi 40 kutoka kwa mwenzake, unazifunga kwa skrubu na fisha, kisha unapigilia juu yake mbao nzima za unene wa milimita 20 hivi, zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ya pili ni ya gundi: parketi, yaani vipande vifupi vya mbao ngumu, au mbao ndefu, vinabandikwa moja kwa moja kwenye zege. Nyumba na fleti nyingi za zamani za Nairobi zina parketi ya namna hiyo mpaka leo. Ya tatu ni ya kliki: mbao za kiwandani zenye tabaka, juu ubao halisi wa milimita 2 hadi 6, chini tabaka za mbao nyepesi zilizopishana. Zinabanana zenyewe kwa zenyewe na kulala juu ya sponji bila kushikwa na zege hata kidogo.

Laminati siiweki katika hesabu hii. Ni picha ya mbao juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Vinaili ngumu ya kliki nayo ni plastiki na unga wa mawe. Zina matumizi yake, tena vinaili huvumilia maji kuliko zote, lakini ukilipia mbao upewe mbao. Kuzitambua ni rahisi: tazama ubavu wa kipande kilichokatwa. Mbao nzima ina nyuzi zinazoendelea kutoka juu kushuka ubavuni, na ya tabaka inaonyesha ubao halisi juu na mbao zilizopishana chini. Laminati ina ukoko mwembamba juu, kisha unga wa kahawia mtupu.

Jamvi ndilo linaloamua

Kabla ya kulipa chochote, kata nailoni inayopitisha mwanga, nusu mita kwa nusu mita, uibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne bila kuacha upenyo. Iache siku mbili. Bandika nyingine karibu na ukuta wa bafu, na nyingine karibu na ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Ukifungua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi kuliko la pembeni yake, jamvi linapandisha maji. Huenda ni jipya: zege huhitaji kama mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene ili likauke, kwa hiyo jamvi la sentimita 10 linataka miezi minne tangu nyumba iezekwe, na hiyo ni hali ya hewa ikiwa nzuri. Au huenda aliyejenga hakutandika chini yake nailoni nzito ya geji 1000 ya kuzuia maji ya ardhini, na hapo kusubiri hakutasaidia.

Njia ya gundi ndiyo inayoumia zaidi kwa jamvi la namna hiyo. Maji yanapanda moja kwa moja kwenye mgongo wa mbao, mgongo unavimba kuliko uso, na kila kipande kinajikunja kingo juu mithili ya kigae cha paa kilichogeuzwa. Zipo dawa za kupaka za kuziba zege, lakini zinataka sakafu iliyosuguliwa ikawa safi kabisa na vipimo sahihi vya kuchanganya; mtu anayeanza simshauri aanzie hapo. Kliki huvumilia unyevu mdogo, kwa sharti kwamba nailoni ya geji 1000 imetandikwa kwanza, maungio yake yamepishana sentimita 20 na kubandikwa selotepu, ndipo sponji ifuate. Fremu inaonekana salama kwa kuwa mbao zimeinuka, lakini kila tundu la fisha linaitoboa ile nailoni, na chini yake kuna nafasi ya giza, hewa imetuama. Mchwa hawahitaji zaidi ya hapo. Ukichagua fremu, hizo 2×2 ziwe zimetiwa dawa kiwandani mpaka ndani. Kuzipaka dawa kwa brashi siku ya kazi hakutoshi.

Kuhusu unyofu, mambo yanageuka. Chukua rula ya alumini ya fundi, ile ya mita 2, ilaze kila upande na utazame mwanga chini yake. Bonde la zaidi ya milimita 3 ni tatizo kwa kliki: kila ukikanyaga ubao unabonyea, na baada ya miezi ile midomo ya kliki inavunjika. Gundi nayo haijazi mabonde, hata ukiimwaga nyingi. Fremu hapa ndiyo inayoshinda, maana unaweka kabari nyembamba chini ya 2×2, unapiga pima maji, unaendelea. Nimeona majamvi ya nyumba za zamani yenye mteremko wa kuingia bafuni ambayo kwa fremu yalinyooka bila kumwaga sementi mpya.

Lakini fremu inapandisha sakafu kwa sentimita 7. Pita nyumbani kwako ukiwa na futi mkononi uone maana yake: kila mlango unakatwa chini, ngazi ya kwanza inakuwa fupi kuliko nyingine, soketi za ukutani zinasogelea sakafu, na mlangoni kwenda jikoni mtu anajikwaa. Kliki na sponji yake ni kama sentimita moja na nusu. Parketi nyembamba ni pungufu ya hapo. Kwa nyumba ambayo dari yake tayari iko chini, au milango yake ni ya chuma, hoja ya fremu inaishia hapa.

Mbao haiachi kutembea

Mbao iliyokaa kivulini Dar es Salaam hutulia ikiwa na unyevu wa asilimia 14 hivi. Nairobi ni kama 12. Dodoma wakati wa kiangazi hushuka hadi 10 au chini. Mbao za tabaka zinazotoka viwanda vya nje huwa zimekaushwa mpaka asilimia 6 hadi 9. Kila asilimia moja inayopanda au kushuka inabadilisha upana wa ubao. Kwa mtiki uliopasuliwa kawaida, ubao wa sentimita 10 hubadilika kama milimita 0.2. Ni kidogo, mpaka uzidishe: sebule ya upana wa mita 4, unyevu ukipanda asilimia 3 tu kutoka kusi hadi masika, mbao zote kwa pamoja zinadai zaidi ya milimita 20. Zisipopata nafasi ukutani, zitainuka katikati ya chumba.

Kwa sababu hiyo kuna mwanya wa milimita 10 hadi 15 kuzunguka kuta zote, unaofichwa na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, na kwa mbao nzima katika chumba kipana cha pwani mimi ningeuongeza. Msimu nao uuhesabu. Ukiweka Julai au Agosti, hewa ikiwa kavu kidogo, usizibane mbao kupita kiasi, maana zitavimba. Ukiweka Aprili katikati ya mvua, zibane vizuri, maana zitasinyaa na kuacha nyufa.

Mbao za tabaka zina faida kubwa hapa, kwa kuwa tabaka zilizopishana zinazuiana na ubao hautembei kwa uhuru. Mbao nzima zinataka kuchaguliwa jamii. Mninga husifiwa na mafundi kwa haki: ni miongoni mwa mbao zinazotembea kidogo sana, na mchwa hawaupendi moyo wake. Mkongo, ambao watu wa pwani ya Kenya wanauita mbambakofi na kuuchongea milango, nao umetulia, ila ni mzito na mgumu; msumari hauingii bila kutobolewa njia kwa drili. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa au Kilombero unapatikana kwa urahisi zaidi na unanyooka vizuri, lakini una mafuta, na gundi huteleza juu yake: ukichagua njia ya gundi, futa mgongo wa kila kipande kwa thina kwanza. Mvule ni mzuri ila mara nyingine una jiwe ndani, chokaa halisi iliyoganda kwenye nyuzi, inayoweza kung'oa meno ya msumeno. Muhugu ulikuwa mfalme wa parketi, uliuzwa mpaka Ulaya kwa ajili ya sakafu zinazokanyagwa na watu wengi, lakini umevunwa sana na siku hizi ni adimu. Mkaratusi ni wa bei nafuu na utakushawishi. Achana nao kwa sakafu, kama haukukaushwa kwenye tanuri. Unapinda na kupasuka.

Vumbi la mninga na la mvule hukera mapafu na ngozi. Vaa barakoa nzuri, tena kata nje.

Yadi nyingi za mbao zinauza mbao zilizokaushwa kwa jua au ambazo bado mbichi, na neno la muuzaji kwamba «imekauka hii» halipimiki. Kama huna kipima unyevu, tumia mzani wa jikoni. Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka mapema, ukipime mara tu baada ya kukata. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hivi, ukipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Kilichokuwa gramu 240 kikiishia 200, unyevu ulikuwa asilimia 20, na mbao hiyo haifai kuingia ndani leo. Ipange kivulini kwenye upenyo wa hewa, vijiti katikati ya kila safu, na uiache kwa miezi. Mbao ya kliki iliyotoka dukani haihitaji haya. Inataka kuingizwa ndani ya chumba husika kabla ya kazi kwa muda ulioandikwa kwenye boksi.

Kwa upande wa Tanzania, ukinunua mbao za asili na kuzisafirisha, dai risiti na kibali cha kusafirishia cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao za bei ya ajabu zinazouzwa usiku zina sababu yake, na mzigo ukikamatwa ni wako.

Hesabu ya yadi na hesabu ya sakafu

Hapa fremu huwadanganya wengi. Ubao wa 1×6 wa futi 12 unaonekana kufunika karibu mita 0.56 za mraba, kwa hiyo mita 20 za mraba zinadai mbao 36. Baada ya kupigwa randa na kuchongwa ulimi na mfereji, ule upana wa sentimita 15 unabaki na sentimita 13 zinazoonekana, na inchi moja ya unene inakuwa milimita 20 hivi. Sasa kila ubao unafunika chini ya nusu mita ya mraba, na unahitaji 43. Ongeza kumi kwa mia za vipande vilivyopinda na vya kukatia pembeni, umefika 47. Juu yake kuna 2×2, dawa, skrubu, gharama ya mashine ya randa, msasa, na vanishi. Mbao nzima kwa futi huonekana nafuu kuliko boksi la kliki. Zikishakuwa sakafu, pengo hupungua sana, na wakati mwingine linageuka. Boksi la kliki limeandikwa mita za mraba zinazofunika kweli, na limeshapakwa vanishi kiwandani. Parketi ina gharama iliyojificha kwenye gundi: gundi ya sakafu ya kufaa, ile ya poliurethani inayobaki ikinyumbuka hata ikishakauka, inakula kilo moja au zaidi kwa mita ya mraba. Gundi nyeupe ya seremala usiifikirie. Ni ya maji, na parketi itaanza kuvimba ukiwa bado unapanga.

Ukikosea

Kwangu hiki ndicho kipimo cha mtu asiye fundi. Kwenye kliki, ukiona mstari umepinda, unainua ubao kwa pembe, unachomoka, unafumua mistari mitano, unaanza tena, na hasara ni saa moja. Miaka mitatu baadaye bomba likipasuka, unafumua kuanzia ukutani hadi penye maji. Kwenye fremu, kosa linang'oka kwa nyundo na mtaimbo, ila ulimi wa ubao mara nyingi unavunjika. Gundi haisamehi. Ikishashika, kutoa kipande kimoja ni kazi ya patasi, na kinatoka vipande vipande pamoja na ngozi ya zege. Tena inakukimbiza: umepaka kwa mwiko wa meno, una dakika chache, na mikono imeshachafuka. Herringbone, ule mpangilio wa mifupa ya samaki ambao kila mtu anautamani, unataka mstari wa katikati ulionyooka kabisa. Milimita moja ya mwanzo inakuwa kidole kizima ukifika ukutani.

Kwa zana pia kliki ni nyepesi: futi, pembe mraba, msumeno, nyundo ya mpira, kipande cha ubao cha kugongea na kabari za kuachia mwanya. Fremu inaongeza drili ya kutoboa zege, pima maji ndefu, na baadaye mashine ya msasa. Hiyo mashine ndiyo kazi ngumu kuliko yote. Ukisimama nayo sekunde mbili mahali pamoja ikiwa inazunguka, inachimba bonde ambalo vanishi italionyesha kila jua la jioni likiingia dirishani. Ningepanga kila kitu mwenyewe, kisha nimwite fundi wa msasa kwa siku hiyo moja.

Miaka kumi mbele

Fremu inajilipa hapa. Mbao nzima za milimita 20 zina kama milimita 6 za mbao juu ya ulimi. Zinapigwa msasa mara kadhaa katika maisha yake, na kila mara zinarudi mpya. Parketi nene vilevile. Kliki inategemea tabaka la juu: la milimita 4 au zaidi linavumilia msasa mara moja au mbili, la milimita 2 lihesabu kwamba halipigwi. Uliza unene huo dukani kabla ya kuuliza bei. Muuzaji asiyeujua anauza rangi tu.

Sauti nayo ni tofauti. Gundi ni kimya, unatembea kama juu ya zege. Kliki ina mlio mdogo wa uwazi, hasa kwa viatu vya kisigino, na sponji nzuri inaupunguza bila kuumaliza. Fremu inalia zaidi, na 2×2 isiyobana vizuri itakukumbusha kila usiku mtu akienda chooni.

Adui wa zote tatu ni deki. Nyumba nyingi kwetu zinasafishwa kwa ndoo ya maji na tambara linalotiririka, na anayefanya kazi hiyo huwa hakuwepo siku mlipochagua sakafu. Mbao inafagiliwa, kisha inafutwa kwa tambara lililokamuliwa mpaka halidondoshi tone. Kama unajua kwamba hilo halitasimamiwa nyumbani mwako, weka mbao vyumba vya kulala, na sebule iliyo karibu na jikoni iache na vigae. Bafuni na jikoni usiweke mbao kwa njia yoyote.

Kwa hiyo, kwa chumba cha kwanza, jamvi likiwa kavu na limenyooka, naelekeza kwenye kliki yenye tabaka la juu la milimita 3 au 4. Kama una mninga au mkongo wa familia uliokaa miaka kivulini, au jamvi lina mabonde na dari iko juu, fremu inastahili jasho lake. Gundi ningemwachia fundi mwenye sakafu alizoziweka zamani ambazo unaweza kwenda kuzikanyaga, tena penye jamvi lililokauka kwa vipimo.

Ukianza, anzia ukuta mrefu ulionyooka, usiufuate ukuta wenyewe. Piga uzi wa chaki, kwa sababu kuta zetu chache zimenyooka. Pishanisha viungo vya mistari kwa sentimita 30 au zaidi. Pima mstari wa mwisho kabla ya kuanza wa kwanza: ukiona utabaki na kipande cha sentimita 3, punguza upana wa ubao wa kwanza ili vyote viwili vigawane. Na skatingi ipigiliwe ukutani, msumari usiguse sakafu.